Niliitwa Daktari, Nikaitika

Sehemu ya Sita

"Nani aliyejaza kadi hizi?"

Hapo ndipo uliponiacha wiki iliyopita, msomaji. Ukumbi wa kuwasili, nchi ya watu, kaunta ya afya, na kadi zetu tatu za njano za chanjo zimetandazwa mbele ya mama mmoja mwenye koti jeupe na miwani ya kamba shingoni. Nyuma yetu foleni, mbele yetu mlango wa kioo. Nje ya mlango ule dereva wetu wa safari ya mbugani alikuwa amenyanyua bango lenye majina yetu ya utani, anatabasamu kama mtu wa tangazo la dawa ya meno.

Nilidhani nikinyamaza swali litapita.

Shangazi akanisukuma mgongoni kwa viganja vyote viwili.

"Huyu hapa! Daktari wetu mwenyewe!"

Shangazi si shangazi wa mtu. Ni fundi cherehani wa mtaani kwetu, rika langu kabisa, ila tangu shule ya msingi yeye ndiye aliyekuwa akitufunga vifungo na kutufuta kamasi, na jina likamganda. Kwa safari hii alitushonea vizibao vya kitambaa kigumu rangi ya vumbi, mifuko minne mbele, na kila kifua akakitarizi jina. Chake kimeandikwa SHANGAZI. Cha rafiki yetu wa tatu, MWALIMU. Changu, kwa uzi mwekundu, DAKTARI.

Yule mama akasoma kifua changu. Akasoma kadi. Akarudi kifuani.

"Daktari wa nini?"

"Wa kila kitu!" Mwalimu akadakia. "Mama, huyu ukimwambia kichwa kinauma, anakuuliza kimeanza lini. Ukimwambia tumbo, anakuuliza ulikula lini. Ukimwambia mguu..."

"Anakuuliza viatu ulinunua lini!" Shangazi akamalizia, wakacheka wote wawili mpaka watu wa foleni wakatabasamu.

Mama wa kaunta hakucheka.

"Anapenda tarehe, eh?"

"Ndiyo uhodari wake," Mwalimu akasema. "Mimi hata macho yangu haya nimemkabidhi yeye."

Nikakunja mikono kifuani, nikalifunika jina langu.

"Na chanjo mlichomwa wote siku moja?"

"Siku moja," Shangazi akajibu kwa raha. "Mimi mkono ulivimba! Mpaka leo nikigeuza gurudumu la cherehani nausikia."

"Mpaka leo." Yule mama akashusha miwani kwenye ncha ya pua. "Kadi inasema tarehe tisa. Leo ni ishirini na tano. Siku kumi na sita, dada, na mkono bado unauma?"

Shangazi akanitazama mimi.

"Njooni ndani," mama akasema. "Wote."

* * *

Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya kaunta. Viti vinne vya plastiki, jokofu fupi linalonguruma, beseni la kunawia, na saa ya ukutani inayosema saa nne na dakika ishirini. Simu ya Shangazi ikalia kabla hatujakaa.

"Mko wapi, wageni wangu?" Sauti ya dereva ilisikika mpaka kwangu. "Geti la hifadhi linafungwa saa kumi na mbili kamili, na njia ni mwendo wa saa tano. Tukipita saa saba hapa, leo tutalala na ng'ombe badala ya tembo!"

"Tunakuja, kaka. Kuna kitu kidogo cha kadi."

Kitu kidogo! Laiti angejua.

Acha nikuambie kwa nini saa ile ilikuwa inatukata kama kisu. Mwalimu anafundisha darasa la kwanza. Kwa miaka saba amekuwa akiwafundisha watoto tembo, twiga na simba kwa picha moja ya ukutani iliyopauka, na hajawahi kumwona hata mmoja kwa macho yake. Na macho yenyewe yanapofuka. Yanaziba kutokea pembeni kuja katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kwanza alianza kugonga ndoo. Kisha milango. Kisha akamkanyaga mtoto darasani, na siku hiyo alikuja kwangu akilia.

Ndipo tukapanga safari. Aone, kabla bomba halijaziba.

Yule mama akaketi, akaziweka kadi magotini mwake.

"Daktari. Chanjo hii inachomwa wapi?"

"Mkononi. Juu."

"Ndani ya msuli, au chini ya ngozi?"

Nilikuwa nimeona sindano zile mara elfu, msomaji, kwa mbali, kupitia dirisha dogo. Nikabahatisha.

"Chini ya ngozi."

"Sawasawa." Nikapumua. "Na kinga inahesabika kuanzia siku ya ngapi?"

"Ya kumi."

"Vizuri sana. Unajua sheria. Kwa hiyo ulijua ulichokuwa unafanya."

Akageuza kadi ya Shangazi. Akageuza ya Mwalimu. Akageuza yangu. Nyuma, chini kabisa kwenye kona, kwa mwandiko mdogo ulionyooka kama mistari ya daftari, palikuwa na namba.

212/17. 213/17. 214/17.

Nilipoziona, niliutambua mwandiko wangu.

"Hakuna anayelazimishwa kuandika namba hizi," mama akasema taratibu. "Ofisa wa hapa hazitazami. Daktari hajui hata kama zipo. Ni namba ya mstari kwenye daftari la chanjo, na tarehe aliyoandikwa mtu. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili, tarehe kumi na saba. Mbele umeandika tarehe tisa, nyuma mkono wako umeandika kumi na saba, kwa sababu mkono wa karani haujui kuacha karatasi bila namba ya kumbukumbu."

Akavua miwani.

"Daktari hakosei hivi, kijana. Hili ni kosa la karani mzuri. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mimi nimekaa masijala miaka kumi na minne kabla sijavaa koti hili."

Jokofu likanguruma. Likanyamaza.

"Karani gani?" Mwalimu akauliza.

Akanivuta mkono.

"Daktari, mama anasema karani gani?"

* * *

Sasa nikwambie, msomaji, maana wiki zote tano nimekuwa nikikuficha na wewe.

Nilisoma chuo, hilo ni kweli. Shahada yangu ni ya utunzaji wa kumbukumbu. Nikapata kazi masijala ya zahanati, na siku ya kwanza wakanipa koti jeupe kwa sababu ya vumbi la mafaili. Nikarudi nalo nyumbani mwilini. Mama yake Mwalimu alikuwa anaanua nguo.

"Karibu, daktari!" akasema.

Ningeweza kucheka, nikasema hapana mama, mimi ni wa mafaili. Badala yake niliitika. Nikasema, "Asante, mama."

Kosa lote liko pale. Sikuwahi kusema mimi ni daktari. Niliitika tu. Kesho yake muuza duka akamwita mama yangu Mama Daktari, na mama yangu, anayejua vizuri kazi yangu, akaitika naye. Jioni tulikula bila kutazamana. Kilemba cha ukoka kilituenea sote wawili, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumvua mwenzake.

"Ni kweli," nikasema mle chumbani. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani. "Mimi ni karani wa masijala."

"Tangu lini?" Shangazi akauliza, na wallahi hakukusudia mzaha.

"Tangu siku ya kwanza."

"Mama mwenye nyumba wangu ulimwambia aache vidonge vya presha!"

"Nilimwambia akaulize zahanati kama aache."

"Alisikia aache!" Akasimama. "Mimi ndiye niliyemleta kwako! Nilimwambia, huyu ni wetu, hana haja ya foleni. Mungu wangu. Nimemwona juzi hapo dukani, anajishikiza ukutani."

Nilitazama vidole vyangu. Vina alama ya wino ambayo haitoki, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiificha mfukoni.

"Tarehe umeibadilisha kwa nini?" mama akauliza.

"Chanjo ilichelewa kufika zahanati. Ilifika tarehe kumi na saba. Safari ni ishirini na tano. Siku nane."

"Ungewaambia."

"Waliniuliza, mama. Waliniuliza, daktari, siku nane zinatosha?"

"Ukasema?"

"Nikasema zinatosha."

Karani angesema sijui, ngoja nimuulize muuguzi. Lakini karani hakuwa amealikwa kwenye mazungumzo yale. Kisha usiku nikasoma sheria ukutani kwetu masijala, nikaona neno kumi. Badala ya kwenda kwa rafiki zangu kusema nimekosea, nilichukua kalamu, nikajaza tarehe tisa, nikasaini kama daktari. Kadi zikakaa kwangu mpaka uwanja wa ndege. "Zisije zikapotea," niliwaambia.

"Nilifanya kwa ajili yake," nikasema, nikamwonyesha Mwalimu kwa kidevu. "Macho yake, mama. Tungeahirisha, pengine asingeona tena. Ndiyo maana mimi..."

"Koma!"

Sijawahi kumsikia Mwalimu akipaza sauti. Watoto wa darasa la kwanza huwanong'oneza. Alikuwa amegeuza kichwa chote kunitafuta, kama afanyavyo siku hizi, mpaka uso wangu ukaingia kwenye bomba lake.

"Usiyashike macho yangu ukajikinga nayo. Tungeahirisha siku mbili. Mbili! Nani alikwambia tembo wanahama?"

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Ardhi ya pale ilikuwa na vigae, tena vimepigwa deki. Haikupasuka.

"Vua," Shangazi akasema.

"Nini?"

"Kizibao. Vua."

Nikavua. Akakipakata magotini, akaanza kuidokoa ile D kwa ukucha. Uzi mwekundu ukatoka kipande kwa kipande. Nilimjua akikasirika kwa maneno. Akikasirika kwa mikono, sikuwahi kumwona.

* * *

"Sikilizeni," mama akasema. "Hati ya uongo inawarudisha wote watatu na ndege ya saa tisa. Hiyo ndiyo njia moja. Njia ya pili: zahanati yenu ikinithibitishia kwamba mlichomwa kweli tarehe kumi na saba, mnabaki kwenye vyumba vyetu vya karantini siku mbili, siku kumi zinatimia, mnaenda zenu. Namba ya simu?"

Niliijua kwa moyo. Mimi ndiye huipokea.

Akaweka spika. Ikalia mara tano, sita. Kisha sauti ya Sista, muuguzi wetu wa chanjo, mama asiyejua kunong'ona:

"Zahanati! Semeni haraka, nina foleni!"

"Samahani, Sista. Nina watu watatu hapa, kadi zimesainiwa na daktari wenu..." Akataja jina langu la cheti.

"Daktari nani?"

Akalirudia.

Kisha Sista akacheka. Hakuwa na ubaya, msomaji, alicheka kama mtu aliyesikia kichekesho safi.

"Huyo ni mtoto wetu wa masijala! Udaktari amepewa na nani? Yuko likizo. Na tangu aende hatupati faili hata moja, dada yangu. Wagonjwa wanalala benchi. Ukimwona mwambie arudi, bila yeye hapa tumekufa."

Nikafunika uso kwa mikono. Miaka miwili nimeona haya kwa kazi ile. Na kumbe kulikuwa na mahali hapa duniani ambapo watu walikuwa wananingoja mimi, karani, kwa jina langu.

"Tarehe kumi na saba," mama akasema. "Mstari wa mia mbili na kumi na mbili mpaka wa mia mbili na kumi na nne."

Karatasi zikafunuliwa. Tukasikia kila ukurasa. Saa ilikuwa saa tano na robo. Shangazi alikuwa amemaliza D na A.

"Naam. Watatu. Nimewachoma mwenyewe. Mmoja fundi cherehani, alipiga kelele kabla sijamgusa. Mmoja mwalimu. Na huyo karani, alifumba macho."

"Asante, Sista."

Simu ikakatwa. Yule mama akaandika. Akapiga muhuri mara tatu, na kila mara meza ikatikisika.

"Siku mbili," akasema. "Mwambieni dereva wenu. Tembo mtawaona keshokutwa."

Shangazi akaachia pumzi ndefu. Hata mabega ya Mwalimu yalishuka. Dereva alipopigiwa akasema, "Ah, siku mbili si kitu, mimi nilishawahi kumngoja mgeni wiki nzima akitafuta soksi!" na Shangazi akajikuta anacheka, kisha akakumbuka, akaacha.

Mama akanisukumia fomu moja. "Hii ni yako peke yako. Maelezo ya kosa. Itakwenda kwa wakubwa zako, sitakudanganya. Jaza."

Jina. Umri. Tarehe ya kuwasili. Kisha nafasi moja tupu: Kazi.

Nilishika kalamu. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mdogo ulionyooka: karani wa masijala. Ni maneno matatu tu. Lakini nilipomaliza nilihisi kama mtu aliyebeba mzigo usio wake, sasa ameurudisha kwa mwenyewe. Nikadhani, masikini mimi, kwamba yamekwisha. Nimeaibika, nimekiri, nitaadhibiwa. Tutalala siku mbili karantini, na siku ya tatu nitakaa kiti cha nyuma kimya, nikimsimulia Mwalimu vitu vilivyo pembeni ya bomba lake.

"Ngoja," Mwalimu akasema.

Alikuwa hajasogea kwenye kiti chake. Alikuwa ametoa sauti yake ya darasani, ile ya chini.

"Kama wewe si daktari."

"Mwalimu, nisamehe..."

"Sijafika kwenye msamaha. Kama wewe si daktari, ile barua yangu ulinisomea kama nani?"

Ukucha wa Shangazi ukasimama juu ya K.

Ni ile barua ya majibu kutoka hospitali ya macho. Ilipokuja, Mwalimu hakuifungua. Aliileta kwangu na bahasha yake. Maneno yalikuwa ya kitabibu, marefu, yamejaa ukurasa. Nilielewa robo. Kati ya robo ile palikuwa na mstari mmoja nilioujua wote: uharibifu uliokwisha kutokea hauwezi kurudishwa. Alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi, ananiita daktari. Nikakunja barua, nikamshika bega. Nikamwambia kwa huruma yangu yote, "Hakuna la kufanya, ndugu yangu. Ona unachotaka kuona."

Hakurudi hospitali tena. Alianza kuuliza bei za safari.

Sasa akaingiza mkono kwenye mfuko wa kizibao chake, ule wa juu, karibu na moyo. Akaitoa. Mikunjo ilikuwa imechakaa kwa kubebwa, si kwa kusomwa.

"Mama," akasema, akaielekeza mbele, kidogo kando ya pale mama alipokuwa amekaa. "Wewe umevaa koti la kweli. Nisomee."

Yule mama akasogeza kiti, akaupokea mkono wake kwanza, kisha barua. Akarudisha miwani puani. Akasoma ukurasa polepole, midomo ikichezacheza. Alipofika mwisho hakuikunja.

Aliigeuza.

Mimi ambaye sijawahi kuacha karatasi bila kuandika nyuma yake. Mimi wa namba za kona. Barua ile, msomaji, sikuigeuza.

Upande wa nyuma ulikuwa umeandikwa mpaka chini. Mama akausoma mara moja. Akausoma tena. Akaitazama tarehe, akaitazama saa ya ukutani kana kwamba ndiyo ingemjibu, kisha akauweka mkono wake juu ya goti la Mwalimu.

"Barua hii ina miezi miwili na nusu," akasema, na sauti ilikuwa imembadilika. "Huku nyuma wanakutaka urudi haraka kwa matibabu, walinde kuona kulikobaki. Mwanangu, nani aliyekwambia hakuna la kufanya?"

Safari hii hakuna aliyenisukuma mbele.